Kufungua butiloda na kuruti Pixel 6: mwongozo kamili kwa aliyeinunua imetumika

Umenunua Pixel 6, kamera imekuridhisha, intaneti inakimbia. Kisha unapiga simu, na ghafla alama ya 4G juu ya kioo inashuka kuwa 3G au E mpaka umalize kuongea. Anayekupigia akiwa kwenye 4G yake analalamika kwamba simu inachelewa kuita. Fundi anakwambia ni antena, ubadilishe. Usibadilishe kitu. Antena ni nzima, na modemu ya simu hiyo inaweza kabisa kupiga simu juu ya 4G, yaani VoLTE. Ila Google haiuzi Pixel rasmi Tanzania wala Kenya, na ndani ya programu ya simu kuna orodha ya mitandao iliyoruhusiwa. Mtandao wako usipokuwemo, kitufe cha VoLTE hakionekani kabisa kwenye mipangilio.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu wengi wa kwetu kufungua Pixel zao, yaani kuondoa kufuli za kiwanda ili waweze kubadilisha mfumo wa simu wenyewe. Zipo nyingine: kuzuia matangazo kwenye simu nzima badala ya kwenye kivinjari tu, kuzuia betri isichajiwe kupita asilimia 80, kuhamisha programu pamoja na data zake zote. Nimechagua Pixel 6 kwa sababu ndiyo ninayoifahamu hatua kwa hatua, na kwa sababu Pixel ni kati ya simu chache ambazo kiwanda chenyewe kimeacha mlango wa kufungulia. Huhitaji kuomba namba ya siri kwa mtu wala kumlipa yeyote.

Kufuli ni tatu, usizichanganye

Hapa ndipo watu wanapoibiwa fedha. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii iko wazi, inasoma laini zote." Anachosema ni kweli, lakini anazungumzia kufuli ya mtandao, ile inayoifunga simu kwa kampuni moja ya simu. Kufuli ya pili ni ya butiloda. Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha, na kazi yake ni kukagua kama mfumo unaotaka kuwaka umetiwa saini na Google. Ikiwa imefungwa, haikubali mfumo mwingine wowote. Kufuli ya tatu iko ndani ya Android yenyewe: wewe mwenye simu unapewa haki za mtumiaji wa kawaida, huku faili za mfumo zikiwa mbali na mikono yako. Kuvunja hiyo ya tatu ndiko kuruti.

Simu inaweza kusoma laini zote za dunia na butiloda yake isifunguke milele. Pixel nyingi zinazofika Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, zimetoka Marekani, na baadhi yake ziliuzwa kule na Verizon. Hizo butiloda yake haifunguki. Hakuna amri wala programu ya kulipia itakayokusaidia, na anayekuahidi vinginevyo anataka hela yako.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mwongozo huu inafanyika dukani, kabla hujatoa pesa. Washa hotspoti kwenye simu yako ya zamani na uiunganishe Pixel, kwa sababu swichi tunayoitafuta mara nyingi haiamki mpaka simu iwasiliane na Google. Ingia Settings, kisha About phone, shuka chini kabisa hadi Build number, uigonge mara saba. Rudi nyuma uingie System, halafu Developer options, utafute palipoandikwa OEM unlocking. Ikikubali kuwashwa, simu ni yako. Ikiwa imefifia rangi na haiguswi ilhali intaneti ipo, irudishe kwa muuzaji na uombe nyingine. Usiamini maneno, wala maandishi ya kwenye boksi. Gusa swichi mwenyewe.

Unachokipoteza

Nakueleza mapema ili usije ukajuta. Kufungua butiloda kunafuta kila kitu kilichomo kwenye simu. Hakuna njia ya kulikwepa hilo, na limewekwa makusudi: kama isingekuwa hivyo, mwizi angefungua butiloda yako na kusoma picha zako.

Kisha kuna suala la benki. Programu nyingi za benki huiuliza Google kama simu ni salama, kupitia huduma inayoitwa Play Integrity, na simu iliyofunguliwa haipati jibu zuri kwa kila swali. Programu nyingine zitafanya kazi, nyingine zitakataa kufunguka, na iliyofunguka leo inaweza kukataa baada ya sasisho la kesho. Kinachobaki salama ni menyu za namba. *150*00# ya M-Pesa Tanzania au *334# ya Kenya hazijali simu yako imerutiwa au la, kwa kuwa zinapita kwenye laini na mtandao wala hazipiti kwenye programu. Lakini kama wewe ni wakala, au biashara yako yote inaendeshwa kwenye programu ya benki, ushauri wangu ni mmoja: tafuta simu ya pili. Usiifanyie majaribio simu inayokulisha.

La mwisho ni ulinzi. Data zako zinabaki zimefungwa kwa namba yako ya siri hata butiloda ikiwa wazi, ndiyo maana namba hiyo iwe ndefu, tarakimu sita na zaidi. Hata hivyo simu yako ikiibwa, mwizi anaweza kuiwekea mfumo mpya na kuiuza kirahisi kuliko ingekuwa imefungwa. Na kila unapoiwasha utaona kwanza onyo kwamba butiloda iko wazi. Onyo hilo halitoki maadamu butiloda iko wazi, na si dalili ya ubovu.

Kuhifadhi, kwa utulivu

Hapa sitaki uharakishe. Binamu yangu alifungua simu yake usiku mmoja akiamini kila kitu kiko kwenye akaunti ya Google. Picha zilikuwepo, namba za watu zilikuwepo. Sauti za WhatsApp za marehemu bibi yetu hazikuwepo, kwa sababu nakala ya mwisho ya WhatsApp ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Hazikurudi.

Anza na WhatsApp basi. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya mazungumzo, ufanye nakala sasa hivi na usubiri hadi tarehe ya leo ionekane. Juu ya hapo, unganisha simu kwenye kompyuta na unakili folda nzima ya Android/media/com.whatsapp. Ukipoteza kimoja kitabaki kingine. Kisha nakili DCIM, Download, na Recordings kama unarekodi mahubiri, mihadhara au vikao.

Meseji za kawaida husahaulika, na humo ndimo zilimo risiti zako za miamala. Zihifadhi kwa programu ya kunakili meseji, faili litakalotoka ulipeleke kwenye kompyuta. Kama una programu inayotoa namba za siri za kuingilia akaunti, zihamishie simu nyingine kwanza. Ukizifuta pamoja na simu utajifungia nje ya barua pepe yako mwenyewe. Na hakikisha unaijua nywila ya akaunti ya Google iliyomo kwenye simu. Usitegemee kwamba simu inaikumbuka. Simu haitakumbuka kitu baada ya saa moja.

Vifaa

Kompyuta yoyote inatosha, ila nakushauri ya mpakato, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi betri yake itakuokoa. Chaji simu ifike angalau nusu. Kebo iwe inayopitisha data. Nyaya nyingi za barabarani zinapitisha chaji tu, na watu wameshinda siku nzima wakilaumu kompyuta kumbe ni waya.

Pakua platform-tools kutoka tovuti rasmi ya wasanidi wa Android, developer.android.com. Ni faili dogo la zip lenye programu mbili tutakazozitumia kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta: adb, simu ikiwa imewaka kawaida, na fastboot, ikiwa kwenye butiloda. Lifungue kwenye folda rahisi, mfano C:\pt. Kwenye Windows pakua pia draiva ya USB ya Google, programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua simu, kutoka tovuti hiyohiyo. Bando nalo liwe la kutosha, maana faili la mfumo wa Pixel 6 linazidi GB 2.

Kabla ya lolote, sasisha simu hadi toleo la mwisho inalopewa. Kwenye Pixel 6 jambo hili lina uzito wake: sasisho la Android 13, la Agosti 2022, liliweka kizuizi cha kurudi nyuma kwenye butiloda. Mtu anayejaribu kuirudisha Android 12 baada ya hapo anaweza kuiua simu kabisa. Tutasonga mbele tu.

Kufungua

Rudi kwenye Developer options, washa OEM unlocking na USB debugging. Unganisha simu. Kwenye kompyuta fungua folda ya C:\pt, bonyeza kwenye mstari wa anwani juu, andika cmd, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi la amri. Andika:

adb devices

Simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Kubali. Ukiona mfuatano wa herufi na tarakimu, na neno device mbele yake, mawasiliano yapo. Ukiona unauthorized, hujakubali kwenye kioo cha simu. Usipoona kitu, badilisha kebo kwanza, kisha tundu la USB, ndipo urudi kwenye draiva. Endelea:

adb reboot bootloader

Simu itazima na kuwaka kwenye ukurasa mweusi wenye maandishi madogo. Huo ndio uso wa butiloda. Hakikisha kompyuta inaiona kwa amri ya fastboot devices. Watu wengi hukwama hapa kwenye Windows, kwa sababu simu katika hali hii ni kifaa kingine machoni pa kompyuta; ingia Device Manager, utafute kifaa chenye alama ya njano, ukielekeze kwenye ile draiva uliyopakua. Ikishaonekana:

fastboot flashing unlock

Kioo cha simu kitakuuliza. Tumia vitufe vya sauti kuhamia kwenye Unlock the bootloader, kisha kitufe cha kuwashia kukubali. Jiulize mara moja ya mwisho kama nakala zako zipo kwenye kompyuta. Ukishakubali, ni sekunde chache tu. Simu itajifuta na kuwaka kama mpya, ikikuonyesha lile onyo.

Pitia mipangilio ya mwanzo haraka, bila kurudisha data zako bado. Washa tena Developer options na USB debugging. Swichi ya OEM unlocking iache ilivyo. Na humohumo ndani zima Automatic system updates, maana sasisho likijiingiza lenyewe usiku, asubuhi ruti haipo.

Kuruti kwa Magisk

Magisk ni kazi ya John Wu, aliyeitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Uzuri wake ni kwamba haigusi faili za mfumo wenyewe. Inabadilisha kipande kidogo cha kuanzishia mfumo kinachoitwa boot, na ukikirudisha cha asili, ruti imeondoka. Ipakue kutoka ukurasa wa mradi wenyewe kwenye GitHub na si kwingineko. Zipo tovuti nyingi zinazojiita rasmi, na programu unayoipa funguo zote za simu yako haifai kuchukuliwa uchochoroni.

Angalia namba kamili ya mfumo kwenye About phone, sehemu ya Build number. Nenda kwenye ukurasa wa Google wa mifumo ya kiwandani, tafuta oriole, jina la ndani la Pixel 6, uchukue faili lenye namba hiyohiyo herufi kwa herufi. Herufi moja ikitofautiana, simu inaweza isiwake, au ikawaka bila Wi-Fi. Fungua zip, ndani yake utakuta zip nyingine, na ndani ya hiyo kuna boot.img. Litoe. Wenye Pixel 7 na kuendelea wanachukua init_boot.img badala yake, na amri zinazofuata nao wabadilishe jina hilo. Lihifadhi pia lile la asili mahali pa salama. Utanishukuru siku moja.

adb push boot.img /sdcard/Download/

Kwenye simu, sakinisha Magisk, ifungue, bonyeza Install, chagua Select and Patch a File, onyesha lile faili. Ikimaliza itaweka faili jipya kwenye Download, jina lake likianza na magisk_patched. Lilete kwenye kompyuta:

adb pull /sdcard/Download/jina-kamili-la-faili.img

adb reboot bootloader

fastboot flash boot jina-kamili-la-faili.img

fastboot reboot

Simu ikiwaka fungua Magisk. Mbele ya neno Installed ukiona namba ya toleo, umemaliza. Ikikuomba iwashe simu tena ili ikamilishe, iruhusu.

Kurudisha VoLTE

Sasa tuliloanzia. Iko programu ya bure iitwayo Pixel IMS, inayofanya kazi kwa msaada wa nyingine iitwayo Shizuku. Inachofanya ni kuiambia Android kwamba mtandao wako unaruhusiwa VoLTE, ikifunika ile orodha ya kiwandani. Kwa muda mrefu ilifanya kazi hata bila ruti, kwa kuwasha Shizuku kupitia ADB, hadi mwishoni mwa 2025 Google ilipoanza kuiziba njia hiyo. Kwa hiyo kama simu yako ina sasisho la zamani na VoLTE ndiyo shida yako pekee, jaribu kwanza bila kufungua chochote. Ikikubali, huna haja ya kupoteza programu za benki.

Aliyeruti awashe Shizuku kwa kitufe cha ruti, akubali ombi la Magisk, kisha afungue Pixel IMS, achague laini yake na kuwasha VoLTE. Washa simu upya. Piga *#*#4636#*#*, ingia Phone information, bonyeza vidoti vitatu juu, uchague IMS Service Status. Unachotaka kuona ni kwamba usajili umekubaliwa, Registered. Ikiwa bado ni Not Registered baada ya dakika kumi, tatizo huenda liko upande wa mtandao: piga huduma kwa wateja, uliza kama VoLTE imewashwa kwenye namba yako na kama laini yako ni ya 4G. Laini za miaka mingi huhitaji kubadilishwa. Ikikubali, piga simu yoyote huku ukitazama alama ya 4G. Itabaki palepale.

Masasisho

Usiache kusasisha kwa kuogopa kupoteza ruti. Simu iliyorutiwa na isiyo na masasisho ya usalama ni hatari kuliko zote. Utaratibu ni huu. Ndani ya Magisk bonyeza Uninstall, kisha Restore Images, bila kuwasha simu upya. Nenda kwenye mipangilio upakue sasisho liingie hadi mwisho. Litakapokuomba kuwasha upya, kataa. Rudi Magisk, bonyeza Install, chagua Install to Inactive Slot, ndipo uwashe upya kutoka humo. Pixel ina nafasi mbili za mfumo, moja inafanya kazi na nyingine inapokea sasisho, na hapo umetia Magisk kwenye ile inayokwenda kuamka.

Ikigoma kuwaka

Inazunguka kwenye herufi G na haiendelei? Mara nyingi chanzo ni moduli, yaani programu ndogo ya nyongeza, uliyoongeza ndani ya Magisk. Iwashe katika hali salama, kwa kubana kitufe cha kupunguza sauti inapoanza kuwaka, na Magisk itazima moduli zote. Ikishindikana, zima simu, bana kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti hadi ufike kwenye butiloda, kisha urudishe boot.img ya asili kwa amri ileile ya fastboot flash boot. Na hata hiyo ikigoma, fungua flash.android.com kwenye Chrome ya kompyuta. Ukurasa huo wa Google unaweka mfumo mzima upya kupitia kivinjari. Maadamu simu inafika kwenye butiloda, haijafa. Usimlipe mtu wa kukwambia ibadilishwe bodi.

Unapotaka kuiuza

Kuna amri ya fastboot flashing lock, inayofunga tena butiloda, nayo inaweza kuua simu ukiitoa vibaya. Usiifunge butiloda ikiwa bado kuna Magisk au kitu chochote kisicho cha Google ndani yake. Ikishafungwa itakagua saini, itaikosa, na itakataa kuwaka. Na kama swichi ya OEM unlocking nayo ilizimwa, huna tena mlango wa kurudia. Weka kwanza mfumo mzima wa kiwandani kupitia flash.android.com, iwashe, hakikisha inafika mpaka mwisho bila Magisk. Ndipo urudi kwenye butiloda na kutoa ile amri. Itajifuta tena, na onyo la mwanzo litatoweka. Mkabidhi mnunuzi simu ikiwa hivyo, na umwonyeshe ile swichi ya OEM unlocking kabla hajakulipa.